Koleo la Kupimia Mafuta

Jamani, leo nimeumbuka. Na aliyeanza kuniumbua si mtu, ni koleo. Songeni nikae hapa barazani. Chakula cha kwangu msikingoje. (Mtajua sababu.)

Mnajua mama mkwe alishuka jana na garimoshi kutoka Bukene. Alikuja na kuku mmoja, kikapu cha karanga na uso wa kesi. Aliambiwa kwamba mwanawe anakonda huku Cheyo, naye akaja kujionea. Akiona ni kweli, anamchukua. Nyamizi mwenyewe nimemwoa mavuno yaliyopita tu, hata kumzoea sijamaliza.

Mila zetu mnazijua. Mkwe hatazamwi, haguswi, hatajwi jina. Basi yeye chumba cha ndani, mimi sebuleni, katikati pazia, na kila neno anamtuma Nyamizi, ingawa nasikia vizuri kabisa.

"Nyamizi, mwambie mwenzako, yale mashavu uliyokuwa nayo harusini yamekwenda wapi?"

"Mama anauliza mashavu," Nyamizi akaniambia.

"Mwambie yapo."

"Anasema yapo, mama."

"Mwambie mimi siyaoni."

Hapo ndipo shetani aliponikumbusha koleo. Kazi yangu ya udresa mnaijua: Bwana Daktari anazunguka vijijini kuangalia kama watu wanakula vya kutosha, mimi nambebea vifaa. Ana koleo la chuma. Unafinya nyama ya nyuma ya mkono kwa vidole viwili, unaibana na koleo, na mshale unakuonyesha mtu ana mafuta kiasi gani. Jana ameniachia nilisafishe, na lilikuwa pale mezani linang'aa. Nikajiona wakili mwenye shahidi wa Serikali. (Elimu kidogo ni ugonjwa.)

"Mwambie mama hapa kuna chombo cha Serikali," nikasema kwa sauti ya ofisi. "Hakijui mkwe wala jirani. Kitasema kama umekonda."

Pazia likajibu: "Mwambie apime."

Nyamizi akakunja mkono wa gauni. Nikafinya. Nilitafuta nyama nikapata ngozi. Nikafinya tena, labda nyama imejificha. Mshale ukanyanyuka kidogo ukasimama kwenye sita. Jamani! Huko vijijini, mtu akitoa sita, Bwana Daktari hutikisa kichwa na kuagiza apewe maziwa.

"Kumi na sita!" nikatangaza.

Nyamizi akaniangalia. Kusoma mshale hajui, lakini mkono ni wake.

"Kumi na sita ni nyingi au chache?" pazia likauliza.

"Nyingi, mama!" (Nilisahau hata kupitia kwa mke wangu. Aibu ya kwanza hiyo.)

"Nyamizi, mwambie hata mtama hujui wingi wake mpaka uuone pembeni ya mwingine. Ampime na mtu wa pili."

Saa hiyohiyo, nani kaingia bila hodi? Salum huyu hapa! Mtani wangu, Mzaramo. Babu zetu walikutana kwenye misafara ya pwani, na tangu hapo tuna ruhusa ya kutesana bila kukasirikiana. Alisikia nina mkwe, akaja kumkamata kuku.

"Mpimeni Mnyamwezi mwenyewe!" akapiga kelele. "Huyu mbeba mizigo, tuone amebeba nini tumboni!"

Kabla sijainuka, shati liko kifuani na koleo limeniuma ubavuni. Na Salum ni fundi cherehani, namba anazisoma usingizini.

"Ishirini na nane! Mama, binti yenu mmemwozesha kwa kiboko!"

Nikadai haki yangu. Nikasema mkono hulinganishwa na mkono. Akanipima mkono. Kumi na tisa. (Afadhali ningenyamaza.)

"Nyamizi," pazia likasema taratibu, "huyo fundi asome na mkono wako."

Nilimkonyeza Salum. Nikamkonyeza tena. Yeye anacheka tu, akamshika Nyamizi mkono, akafinya, na kicheko chote kikamwisha usoni.

"Sita," akasema.

"Ngapi?"

"Sita, mama. Shikamoo." Ndiyo kwanza anakumbuka kuamkia.

"Marahaba." Kisha mama mkwe akamuuliza mwanawe: "Mnakula chungu kimoja?"

"Kimoja, mama."

"Chakula kinakwenda wapi?"

"Barazani, kwa wanaume."

"Na kinachorudi?"

Nyamizi akavuta mkono wa gauni lake chini. "Zinarudi sahani."

Jamani! Wake zenu wenyeji, wanajua kujibakizia sufuriani kabla hawajaleta chakula hapa. Nyamizi mgeni. Alileta chote, ili nisionekane nimeoa mchoyo. Na mimi nimekaa hapa mwaka mzima nakula ugali wa nyumba tano, nasifiwa kwamba ndoa imenikubali! Sikuwahi hata siku moja kumuuliza amekula nini. Inaniuma, siwafichi.

Hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Mama mkwe alisema tu, "Funga vitu vyako," na saa hii ndiyo natoka stesheni. Nimewafuata kwa mbali kama mila inavyotaka, sanduku la mke wangu kichwani. (Mbeba mizigo kweli.) Salum alibeba yule kuku. Alimrudisha mzima, na mnamjua Salum kwa kuku.

Garimoshi lilipopiga honi, mama mkwe alitazama upande mwingine, akasema, "Nyamizi, mwambie mwenzako akishajua kubakiza, Bukene si mbali." Nyamizi hakurudia maneno hayo. Aliinama dirishani akaniambia, "Karanga nimekuachia jikoni. Usizitoe zote nje."

Basi ndiyo sababu kwangu leo hakijatoka kitu. Naombeni msinicheke. Salum cheka, wewe ni mtani, ingawa naona leo hata wewe huwezi. Haya, naweni mikono mle. Ila sahani zikirudi ndani, ndugu zangu, zisirudi tupu.