Salama, Ila Faili la Akiba Halipo

Kwa Mheshimiwa Mama Mkurugenzi,
Idara ya Kumbukumbu za Vizazi, Ndoa na Vifo,
Ghorofa ya juu.

KUHUSU: KUADHIBIWA KWA KOSA LA KUWA NA ADABU

Mheshimiwa Mama,

Habari za asubuhi? Za tangu ule mkutano wa wafanyakazi wote? Natumaini u mzima, wa nyumbani hawajambo, na lile jino lililokusumbua siku ya mkutano limeng'olewa au limetulia lenyewe. Mimi ni mzima wa afya. Huku chini kwenye chumba cha mashine kila kitu ni salama kabisa, ila nimepewa barua ya onyo, na Jumatatu naitwa kwenye kikao cha nidhamu, ambako huenda nikaondolewa kwenye mashine na kupelekwa stoo ya karatasi.

Tazama, Mama, jinsi maneno hayo yalivyokaa. Yameanza na salama, ndipo ikafuata habari. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo, kwa mujibu wa barua ya onyo, nilivyoiangusha idara nzima.

Kwa kuwa ofisi yako iko juu na yetu iko chini, naomba nieleze kazi yangu kidogo. Tuna mashine kubwa nne, kila moja kama kabati la nguo la mtu mwenye nazo, ndani ya chumba chenye baridi kiasi kwamba mimi huvaa sweta hata siku ambazo watu huko nje wanajifuta jasho. Mashine hizo hazina kila moja mafaili yake. Zinatumia yale yale kwa pamoja: faili la Vizazi, la Ndoa na la Vifo. Kila faili lina kuu na la akiba, kama gari na tairi lake la akiba. Faili kuu likiharibika, la akiba linashika nafasi yake papo hapo, kimya kimya, na kazi inaendelea bila mtu kushtuka. Ubaya wake ni kwamba tangu hapo halina tena mwenzake nyuma yake.

Basi kazi yangu kila asubuhi ni kuiuliza mashine hali ya mafaili ya pamoja, kusoma majibu kwenye skrini, kisha kumpelekea Msimamizi wangu ujumbe kwa simu. Kwa maneno mengine, mimi ni mtu ninayelipwa kwa kusalimia. Mke wangu anasema ndiyo kazi pekee duniani inayonifaa, na hajawahi kulisema hilo kama sifa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba nimeonywa kwa kutotoa taarifa ambayo niliitoa. Siku ya tukio niliiuliza mashine hali kama kawaida. Faili la Vizazi: kuu lipo, la akiba lipo. La Vifo: hivyo hivyo, maana vifo havina mchezo. La Ndoa: kuu lipo, na mstari wa akiba mtupu. Sikuchelewa hata kidogo. Nilimwandikia Msimamizi, kijana ambaye kwa umri ningeweza kumtuma dukani lakini ninamheshimu: "Habari za asubuhi, bosi. Za tangu jana? Pole na majukumu. Natumaini mama watoto hajambo na yule mdogo kikohozi kimepungua. Huku kwetu ni salama kabisa, mafaili yote ya pamoja yanafanya kazi vizuri, tunamshukuru Mungu. Ila tu faili la akiba la Ndoa halipo."

Msimamizi, kwa maelezo yake mwenyewe, aliusoma ujumbe huo bila kuufungua, na kioo cha simu yake kilikomea kwenye kikohozi. Akanijibu neno moja: "Safi." Nami nikaridhika, maana mkubwa akishasema safi, wewe ni nani wa kuona uchafu?

Kesho yake faili la Ndoa lililobaki nalo likagoma, na mashine zote nne zikasimama kuandikisha ndoa. Dirishani alikuwapo bwana harusi ambaye viatu vyake vilikuwa vipya na vidogo, na shangazi wa bibi harusi ambaye sauti yake haikuwa ndogo hata kidogo. Msimamizi alikuwa kikaoni, kwa hiyo nikatumwa mimi kuwaeleza. Niliwasalimia mmoja mmoja, nikawauliza habari za safari, nikawapa pole ya kusubiri, nikawaambia hali ni salama, ila leo hakuna kuoana. Shangazi akaniuliza hiyo salama nimeitoa wapi. Bwana harusi alikaa kwenye benchi akavua viatu.

2. Kwamba barua ya onyo yenyewe haina salamu. Inaanza na neno "Umeshindwa." Nilidhani ukurasa wa kwanza umeanguka njiani, nikarudi kwa karani kuuliza. Akasema ndiyo yote hiyo.

3. Kwamba Msimamizi ametoa amri mpya, nami nimeitii na imeniumiza. Amri inasema: "Anza na ubaya. Salamu weka mwisho au acha kabisa." Mimi ni mtu wa kutii. Nikaona kwa kuwa ulimi wangu ni mzito kwenye mambo mapya, nianze mazoezi getini, kabla sijafika kwenye mashine. Mlinzi akanisalimia: habari za asubuhi, mzee? Nikamjibu kwa mtindo mpya kwamba mbaya, goti la kushoto linauma, bomba la jikoni linavuja, na mke wangu hajanisemesha tangu juzi.

Mama, yule mlinzi alinitolea kiti chake mwenyewe. Alinivua kofia akanipepea nayo. Kisha akampigia mke wangu simu kumwambia mzee ameanza kusema mambo yasiyoeleweka. Mke wangu alifika kabla ya chai akiwa na shuka, sabuni na nguo za kubadilisha, maana alijua moja kwa moja kwamba tunaelekea wodini. Aliponikuta mzima alikasirika kuliko ambavyo angekasirika kama ningekuwa nimelazwa, na kile kimya cha tangu juzi kikaongezewa muda. Shuka alirudi nayo.

4. Kwamba mashine nayo haina malezi, na hakuna anayeipa onyo. Mimi huiuliza hali kwa heshima zote, nayo hunijibu kwa ukavu: lipo, lipo, halipo. Nilimwendea Fundi wa Programu, binti mwerevu anayekaa chumba cha pili, nikamwomba aifundishe angalau ianze na "salama" kabla ya kutaja lililoharibika. Alicheka mpaka akaweka chini kikombe. Akaniambia, "Mzee, mashine haina mtu wa kumwonea haya. Ndiyo maana tunaiamini." Nilimsamehe kwa sababu ya ujana wake, nikarudi kuiuliza mashine hali.

5. Kwamba Msimamizi amesema mbele ya wenzangu kuwa hakuna jambo linaloweza kwenda vizuri kwa salamu za namna yangu. Ushahidi wa kumpinga ninao, nao ni mama yangu mzazi. Mama anakaa mbali, pamoja na binti wa dada yangu anayemchotea maji, anayempikia na kumpelekea simu popote alipo. Unaona kwamba Mama naye ana wa akiba. Kila siku, wakati nikisubiri mashine inijibu, nampigia. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sijambo. Habari za hapo? Salama tu, ila... Hapo kwenye ila mashine huwa imeshajibu, nami namuaga kwa heshima na kurudi kazini. Hiyo ila naijua. Ni mlango wa uani usiofungika vizuri, na Mama ameulalamikia mlango huo tangu mimi nikiwa na nywele.

Wala si salama ya mdomoni. Zamani simu ya Mama ilikuwa ikilia mpaka inachoka, ndipo binti aipokee huku akihema, ndipo nisubiri Mama atoke huko aliko. Siku hizi anapokea mwenyewe, na simu haimalizi hata mlio wa kwanza. Nimemweleza mke wangu kwamba Mama amerudia usichana. Sasa nauliza: kama mazungumzo ya namna hii yamemweka mzee mzima kwa miaka yote hiyo, yatashindwaje kuweka faili?

6. Kwamba tukinyamaza, jambo hili halitaishia kwenye mashine. Leo skrini inasema "halipo" bila hodi. Kesho karani wa Vifo atamwambia mjane "leta kitambulisho" kabla ya kumpa pole. Keshokutwa mtoto ataingia ndani na kumwambia baba yake "sukari imekwisha" kabla ya shikamoo, na baba, kwa kuwa naye ni mfanyakazi wa idara yetu, atamjibu "safi." Nyumba ya namna hiyo haina tofauti na chumba cha mashine, ni baridi tupu na taa zinazowaka na kuzima.

Kwa hayo naomba, kwanza, onyo langu lifutwe. Pili, mashine zote nne zifundishwe kuitikia salamu. Tatu, king'ora cha moto kibishe hodi kwanza, polepole, kabla ya kuanza kupiga kelele kama mtu asiye na kwao. Nne, cheti cha kifo kiwe na mstari wa juu usemao kwamba waliobaki hawajambo. Na kama haya yote ni mengi, basi naomba moja tu: nisiondolewe kwenye mashine. Nacheka humu kwenye barua lakini hili nalisema bila mzaha. Nimekaa na yale makabati manne kuliko nilivyokaa na mtu yeyote, na sijui kazi nyingine. Stooni sitakuwa na wa kumuuliza hali.

Nisalimie Naibu wako, wahasibu wa ghorofa ya tatu, dereva, na mama wa chai ambaye namdai tabasamu. Nisalimie pia Msimamizi, maana najua atasoma nakala, na mtoto wake kikohozi kiishe. Huku wote wanakusalimu, hata Fundi wa Programu, ingawa yeye hakusema hivyo kwa mdomo.

Ni mimi, niliye chini yako kwa cheo na kwa ngazi,

Mwendeshaji wa Mashine,
zamu ya asubuhi.

Baada ya sahihi:

Mama yangu amevunjika mguu.

Samahani kwa kuanza hivyo, Mheshimiwa. Nilikuwa natafuta bahasha ya barua hii dada yangu aliponipigia akiwa amefika kwa Mama. Hakunisalimia. Alisema, "Mama amevunjika mguu, na yule binti alishaondoka, wewe hukujua?" Nami, kwa mazoea, nikamuuliza habari za huko. Akalia.

Binti wa dada alipata kazi kwingine akaondoka. Mama akabaki peke yake, na mambo yakaendelea vizuri bila mtu yeyote kushtuka, mpaka alipoteleza uani akisukuma ule mlango. Jirani ndiye aliyemwinua, akamketisha kwenye kiti karibu na simu, akawa anamletea chakula hapo hapo. Ndiyo maana simu haikumaliza mlio wa kwanza. Jirani hakututafuta, kwa sababu alimsikia Mama akizungumza na mimi kila siku, akadhani ninajua na nimeamua kukaa huku bila kwenda kumwona.

Niliomba nipewe Mama. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikwambia, mwanangu. Si nilikuwa nasema salama, ila? Wewe ulikuwa na haraka." Hakunilaumu. Akaniuliza kama nimekula.

Nimelia humu kwenye chumba cha baridi, na Fundi wa Programu ameniona, na amekaa nami. Nayafuta malalamiko yangu, la kwanza hadi la sita. Onyo libaki. Mashine zisifundishwe kitu chochote na mtu kama mimi. Na lile jino lako, Mama, nilikuuliza mwanzoni lakini sikuwa nasubiri jibu. Kama bado linauma, sema.

Kwa kuwa naondoka sasa hivi, naacha taarifa ya asubuhi kwa mtindo unaotakiwa:

Faili la akiba la Ndoa: bado halipo, mafundi wamerudisha kuu peke yake.

Mama: mguu umevunjika, hana wa akiba.

Mwendeshaji: Jumatatu hatakuwepo kikaoni. Uamuzi utolewe bila yeye.

Mengine ni salama.