Nyota Tano za Mwananchi Mtulivu

Serikali ilipogundua kwamba watu wa Kairo wanajichagulia gemu za kucheza bila mwongozo wowote, wakiulizana tu vijiweni kama watu wasio na nchi, iliunda Mamlaka ya Taifa ya Mapendekezo ya Gemu na Maoni Yanayohusiana Nazo. Tangu siku hiyo hakuna raia aliyehangaika tena kujua anapenda nini. Aliarifiwa.

Naibu mkurugenzi wa Mamlaka alikuwa Ustadhi Fathallah Kandili, mtu wa suti ya kahawia na dhamira safi. Ndiye aliyesimamia Kamati ya Nyota. Kamati ilikaa kila asubuhi, ikaletewa chai, ikatazama makasha ya gemu mbele na nyuma, kisha ikagawa nyota. Kuziwasha gemu zenyewe hakukuwezekana: mtumishi wa umma haruhusiwi kucheza saa za kazi, na baada ya saa za kazi Kamati haipo. Gemu ya mbio za magari ilipata nyota mbili kwa kuwa dereva hakuonekana kufunga mkanda. Ya mpira ilipata moja. Mshambuliaji kwenye kasha alikuwa kaachama mdomo, na Kamati haikuweza kuthibitisha anachosema.

Nyota tano zilikwenda kwa gemu iliyotengenezwa na Mamlaka yenyewe, Mwananchi Mtulivu. Humo mchezaji ni raia anayetafuta muhuri kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Watengenezaji waliagizwa wasibuni chochote, basi walizunguka na kamera ofisi za Mamlaka wakachukua kila kitu kama kilivyo: madirisha, foleni, feni isiyozunguka, na Madamu Inshirah wa ghorofa ya tatu akichambua mlenda wa chakula cha mchana.

Mabanda yote ya gemu yaliagizwa kuchezesha hiyo tu. Yalitii, isipokuwa moja kule mtaa wa Shubra, la mjane aitwaye Mama Shauki. Ustadhi Kandili akaenda mwenyewe, na nta nyekundu mfukoni, ile ya kufungia milango ya wakaidi.

"Mama Shauki, waraka ulikufikia?"

"Ulinifikia, ustadhi. Karibu chai."

"Mbona hawa wateja wanacheza gemu ya mpira?"

"Kwa sababu wamekuja kucheza mpira."

Kandili aliona hoja hiyo haina mashiko kisheria.

"Hiyo gemu yenu niliiweka," Mama Shauki akaendelea. "Muulize Besyuni kinyozi, aliishika asubuhi nzima."

"Maoni yako, ndugu raia?"

"Ustadhi wangu," akasema Besyuni, macho kwenye skrini, "nikitaka foleni naenda ya kweli. Kule angalau napata mtu wa kupiga naye soga."

"Basi banda linafungwa leo."

Mama Shauki aliweka sinia chini. "Hili banda ndilo linalonilisha mimi na wajukuu zangu. Ukilifunga, watakula hiyo nta?"

Kabla Kandili hajapata jibu la kiutawala, Mwenyekiti wa Mamlaka, Dokta Murtada Halawani, aliingia na watu wa televisheni. Alikuja kuizindua gemu moja kwa moja hewani, palepale kwa wakaidi, ili taifa lijionee ilivyo rahisi.

"Nikishaimaliza," alitangaza, akilegeza tai, "mlango utapigwa nta na hakuna atakayekuwa na udhuru."

"Na usipoimaliza, mheshimiwa?" akauliza Mama Shauki.

Mwenyekiti akacheka. Kandili akacheka baada yake, kwa itifaki.

"Hapa kwangu sheria ni moja," akasema Mama Shauki. "Ukikaa, huinuki mpaka mchezo uishe. Anayeinuka katikati kafungwa."

Mwenyekiti akakaa, akapewa rimoti. Dirisha la kwanza lilimpeleka la nne. La nne likamrudisha la kwanza. La kwanza lilikuwa limekwenda kuswali. Wachezaji wa mpira wakaanza kusogea, mmoja mmoja, wakasimama nyuma yake.

"Msalimie kwanza, mheshimiwa!"

"Mwambie umetumwa na mjomba!"

"Panda kwa Madamu, huko ndiko mambo yanakokwama!"

Alipanda. Madamu Inshirah hakuinua macho. Mwenyekiti alibonyeza kila kitu cha kubonyeza.

"Huyu mwanamke ni mvivu wa kutupwa! Nani kamwajiri?"

Kandili akamwinamia sikioni. "Ni wewe, mheshimiwa. Shemeji yako huyo."

Mwenyekiti alitaka kuinuka. "Kafungwaaa!" banda zima likapiga kelele, na kamera ikamsogelea usoni. Akakaa upesi.

Hatimaye Madamu Inshirah aliweka mlenda pembeni. "Karatasi zako zimekamilika. Imebaki saini ya Mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Mwenyekiti hayupo. Pitia kesho."

Alipitia kesho ya humo kwenye gemu. Hayupo. Akapitia kesho nyingine. Watengenezaji hawakumweka ndani ya gemu, kwani siku zote walizozunguka na kamera ofisini hawakumkuta.

"Kandili! Piga nta, tuondoke!"

Ustadhi Kandili alifungua kitabu cha kanuni na kusoma kwa sauti, maana alikuwa mtu wa haki: ni marufuku kufunga jengo ambalo ndani yake mtumishi wa umma yuko kazini.

"Kwani mheshimiwa yuko kazini?" Mama Shauki akauliza.

Kandili alitazama kamera. "Kwa mara ya kwanza," alikiri.

Banda liko wazi mpaka leo. Kwenye skrini ya pembeni Mwenyekiti bado anapitia kesho, na Mama Shauki humwekea chai, akimwambia asife moyo. Kandili, siku ileile, kwa ajili ya uchunguzi, alishika rimoti ya mpira dhidi ya Besyuni. Nta ikamyeyukia mfukoni, hakujua. Mdomo wake ulikuwa umeachama sawasawa na wa yule mshambuliaji wa kwenye kasha, na sasa Kamati ingeweza kuthibitisha anachosema:

"Gooooli!"