Kibanda cha Jamu Chavuka Bwawa

Jumatatu, 3 Machi

Theluji tena. Mgongo unauma. Nina miaka sitini na moja na bado sijawa mkurugenzi wa chochote.

Redio imesema serikali inasaidia biashara ndogo za mikoani. Upande wetu wa bwawa italipa nusu ya gharama. Ng'ambo, kwa kuwa huko kunahesabiwa Ukanda wa Kaskazini, italipa robo tatu. Robo tatu! Kinachonitenga na utajiri ni kipande cha barafu tu.

Mke wangu Verna anapika jamu ya beri za porini katika kibanda alichojengewa na marehemu baba yake. Jamu yake inafika hadi maduka ya mjini Gander. Yeye ana akili ya sufuria, mimi nina akili ya biashara. Nimemwambia tukihamishie kibanda ng'ambo. Amenijibu nikaondoe theluji mlangoni.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya chapati za maji, kesho Kwaresima inaanza. Kama kila mwaka, Verna ameficha vitu vya kubashiri bahati ndani ya chapati. Shemeji Selby, kaka yake Verna, kapata msumari: atabaki fundi. Mimi nimepata sarafu: nitatajirika! Jino limepata ufa, lakini ishara ni ishara.

Jumatano, 5 Machi

Verna kaenda Gander kupeleka jamu. Atalala kwa dada yake. Nafasi ndiyo hii.

Nimepita nyumba hadi nyumba kuomba watu wa kuvuta kibanda. Huku kwetu nyumba ikihamishwa hakuna anayedai malipo. Unashika kamba, unavuta, kisha mwenye nyumba anakulisha. Selby peke yake ndiye mwenye kamba nene. Ameniuliza kama Verna anajua. Nikasema anajua. Miaka thelathini ya ndoa, ananijua vizuri sana.

Akaninyooshea kidole. "Shemeji, barafu ya Machi si ya kuchezea. Tukishaanza kuvuta, hakuna kusimama mpaka ng'ambo. Umesikia?"

Nimesikia. Mimi si kiziwi.

Alhamisi, 6 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Watu walifika wengi. Tulikikalisha kibanda juu ya magogo, tukafunga kamba, wakaimba na kuvuta. Kiliteleza vizuri ajabu. Ndani nilikuwa nimeweka sufuria ya nyama ya chumvi na kabichi, tule tukifika. Nani mwingine angefikiria hilo?

Katikati ya bwawa nikakumbuka: maombi ya msaada yanahitaji picha. Mkurugenzi mbele ya biashara yake, mikono kifuani. Nikapuliza filimbi. Simameni! Wakasimama. Selby alipiga kelele kama mtu aliyeungua. Picha ya kwanza nilifumba macho. Ya pili kofia imekaa upande. Ya tatu barafu ikapasuka.

Namshukuru Mungu bwawa halina kina kirefu na hakuna aliyeumia. Kibanda kimezama hadi madirishani, na chakula chote ndani. Watu wakarudi makwao njaa inawauma. Hapa kwetu kuzamisha nyumba kunasameheka. Kuwaacha wavutaji na njaa hakusameheki.

Verna alirudi jioni. Alisimama ukingoni akikitazama kibanda. Heri angenigombeza.

Mwishowe akasema, "Baba alikijenga kile mikono ikimtetemeka, Clayton. Ndiyo kazi yake ya mwisho."

Kisha akanieleza. Tangu vuli alishaomba ile nusu ya upande wetu, na alishakubaliwa. Kulibaki ukaguzi tu. Kesho! Nikamuuliza kwa nini alinificha mimi, mume wake. Akanyoosha mkono kuelekea bwawani.

Nimeona aibu. Jino nalo linauma.

Ijumaa, 7 Machi

Bi. Kean, mkaguzi wa mfuko wa mikoa, amefika na viatu vya mjini. Amekuta nguzo nne fupi za kibanda na paka wetu. Akauliza jiko la biashara liko wapi. Verna akamwonyesha.

Nilijaribu kumweleza hesabu ya robo tatu. Akaniambia kwa upole kwamba msaada wa kaskazini ni wa watu wanaoishi kaskazini, si wa vibanda vinavyosafiri. Kisha akaonja jamu. Akaonja tena. Akasema jiko likirudi mahali pake, kavu, kabla ya mwisho wa mwezi, ahadi ipo. Lisiporudi, fedha zinakwenda kwa mwombaji mwingine.

Verna hakunitazama hadi kulala.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nzima baridi kali. Barafu imekuwa ngumu tena. Leo wamekuja wote, hata wale niliowalaza njaa. Si kwa ajili yangu. Mama mmoja kaniambia wazi, "Tumekuja kwa Verna, wewe kaa ndani usiguse kitu."

Nimekaa dirishani na blanketi. Selby ametandika mbao, wamekiinua kwa roda, wamevuta huku wakiimba bila kusimama hata mara moja. Kimerudi juu ya nguzo zake. Wakala wakashiba. Verna amewasha jiko la baba yake, likashika moto. Akacheka, na mimi nikalia kidogo. Nimesingizia jino.

Usiku amenisogezea kikombe cha chai. Nimemwapia kwamba nimekoma.

Jumapili, 16 Machi

Redio imetangaza nyongeza: biashara za visiwani zitalipiwa gharama zote. Zote!

Katikati ya bwawa letu kuna kisiwa. Kidogo, lakini kisiwa ni kisiwa. Na Bi. Kean alitaka mwenye biashara aishi palepale. Sawa, nitahamia! Verna hatakosa furaha akiona nimesikiliza ushauri.

Selby amesahau kamba yake barazani kwangu. Verna anakwenda Gander Jumatano. Barafu bado ipo.

Na nimejifunza. Safari hii hatusimami njiani kupiga picha. Tutapiga tukifika.