Mfuko wa Kuzipatanisha Printa

Kwa heshima na taadhima, Mkurugenzi Orville Tostrud aliutangazia umma wa jimbo la Minnesota, Marekani, kuanzishwa kwa Mfuko Maalumu wa Kuwezesha Maelewano baina ya Kompyuta na Printa. Idara yake ya Vibali vya Uvuvi wa Barafuni ilikuwa imehamia programu huria, zile za bure ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha, na printa mpya zote zikagoma. Zilikosa kiendeshi, yaani kijiprogramu cha kuifanya kompyuta ielewane na printa. Kwamba zilinunuliwa bila kujaribiwa, hayo hayasemwi mbele za watu.

Ziwa lilikuwa limeshaganda. Jumamosi ya wiki ya pili gavana angekuja kupokea kibali cha kwanza cha msimu, na Orville alikuwa anaumezea mate ukamishna. Kibali kikikosekana, ukamishna nao kwaheri.

Akampigia simu Renata Kubiak wa mji wa Duluth, anayeandika viendeshi nyumbani kwake kwa kujitolea.

"Dada Renata, serikali inakupa ruzuku nono!"

"Hela sina haja nayo, bwana mkubwa. Nitumie printa moja tu niishike."

"Aa, hapo pagumu. Mali ya serikali haitoki ghalani. Tutakutumia picha. Za rangi!"

"Za mbele na nyuma?"

"Na za ubavuni," alisema Orville kwa fahari.

"Ebo! Wewe jino likikuuma, unampelekea daktari picha akang'oe? Leta printa, au niache ninywe kahawa yangu."

Kamati ya Mfuko ikakaa, ikala donati, ikaazimia: printa isiyo na kiendeshi ni chakavu, na chakavu hupigwa mnada. Orville akatia sahihi kwa roho nyeupe. Ghala likabaki tupu.

Renata akanunua moja kwa bei ya kutupa. Siku chache tu, kiendeshi kikawa mtandaoni, bure kwa yeyote. Printa zilizobaki zilikuwa zimezolewa na wauza chambo, ambao ni mawakala wa vibali miaka nenda miaka rudi.

Jumamosi ikafika. Gavana akashuka, bendi ikapiga. Ndipo Orville alipokumbuka kwamba idara nzima haina printa hata ya dawa. Akatoka mbio hadi duka la chambo la Mama Verna Saarinen, kando ya ziwa.

"Mama, nitolee cha gavana, haraka!"

"Mwombaji afike mwenyewe. Si waraka wenu huo ukutani? Umeutia sahihi wewe. Mstari unaanzia kule nyuma."

Basi gavana akaletwa dukani, akapanga mstari, nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akichagua vidagaa hai mmoja mmoja kama anachagua mchumba. Nje baridi inakata masikio, Orville ndani anatoka jasho.

Zamu ilipofika, gavana akauliza, "Printa hii ya nani?"

"Ilikuwa yenu, mheshimiwa. Mliiuza mkisema mbovu. Haya, shika kibali chako."

Gavana alimtazama Orville, kisha akamgeukia Verna. "Mama, Jumatatu kiti cha mkurugenzi kitakuwa wazi. Utakikalia?"

"Thubutu!" alisema Verna, akifuta mikono kwenye aproni. "Mimi nina kazi ya maana, mheshimiwa. Nauza minyoo."