Kiti cha Hakimu Chapata Mnunuzi

Redio ya Bi Kahawa ilikuwa imetoka kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu, pikipiki yoyote ambayo kadi yake haina jina la mwenye nayo itakamatwa. Kijiwe kizima kikamgeukia Cherehani.

"Mnanitazamia nini?" akauliza yule fundi nguo, sindano mdomoni. "Mimi nimeua mtu?"

"Hujaua," akasema Spana, fundi pikipiki wa mlango wa pili. "Ila unamiliki mali ya marehemu, na marehemu ndiye mwenye kadi."

Hilo kila mtu alilijua. Pikipiki ilikuwa ya mume wa Bi Kahawa. Alipofariki, mjane alimwuzia Cherehani, akamwambia abadilishe jina, naye akajibu kesho. Kesho hiyo ikapita, ikaja nyingine, mpaka mgongo ukamkataza kuendesha. Pikipiki ikaegeshwa mbele ya meza ya kahawa, ikawa kiti.

Tena si kiti cha kila mtu. Alikikalia Hakimu peke yake. Mzee huyu hajawahi kuhukumu hata kuku, alistaafu kazi ya kutunza stoo, lakini ndiye aliyetunga sheria ya kijiwe: wa kwenye benchi wabishane watakavyo, aliyekalia pikipiki ndiye mwenye neno la mwisho. Na kwa kuwa alidamka kuliko wote, neno la mwisho lilikuwa lake kila siku. Alilipenda kuliko pensheni.

"Basi naiuza," Cherehani akasema. "Yule mgeni wa mradi wa visima anatafuta iliyotumika."

Hakimu akapaliwa na kahawa.

Mgeni walimwita Samahani, maana bila neno hilo mdomo wake haukufunguka. Jioni ile akafika, akasalimu kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Shikamoo Spana."

"Mimi mdogo wako, bwana! Mbona unanizeesha?"

"Samahani. Nasikia pikipiki hii inauzwa."

Hakimu hakushuka. Vita vyake alikuwa ameshavipanga. Kumkataza mgeni asinunue kungeonekana roho mbaya, kwa hiyo angemshauri. Ushauri ukizidi, mtu huingiwa na hofu akarudi kwenye baiskeli.

"Kaa, mwanangu, nikuambie kama baba. Umetoka mbali, sitaki ulizwe. Pikipiki iliyotumika haichumbiwi kwa macho. Unakuja asubuhi bila taarifa, unagusa injini. Ukiikuta ya moto, ujue muuzaji kaipasha ili iwake mbele yako."

"Ya kwangu ya baridi kuliko maji ya mtungi," akasema Cherehani.

"Hiyo nayo mbaya! Halafu usikaguliwe na fundi wa muuzaji."

"Mimi si wa mtu," akajibu Spana, ambaye alikuwa ameshachuchumaa. "Injini nzima. Tairi zimekauka, breki zinataka viatu vipya. Springi za nyuma zimelala." Akainua macho taratibu mpaka yakamfikia Hakimu. "Na hazikulazwa na barabara."

Benchi likaangua kicheko. Hakimu akapandisha sauti.

"Chekeni! Wewe mwanangu, namba ya fremu na namba ya injini zifanane na za kwenye kadi. Tarakimu moja ikipishana, umenunua kesi. Leseni ya kwenu hapa ni picha tu, katafute ya hapa. Kibali cha ukaazi kiwe hai. Bima iwe kwa jina lako. Helmeti ziwe mbili, maana abiria asiye na helmeti anatafuta balaa, hata chombo kikiwa kimesimama. Na usiegeshe ovyo. Egesha penye wazee wanaokaa kutwa, wenye macho."

Kila neno Samahani alilirudia kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, na hofu haikuonekana popote usoni mwake. Ndipo Hakimu akatoa silaha yake.

"Na lililo kubwa: jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Ukiambiwa 'utabadilisha baadaye', kimbia. Muongozane ofisi ya usajili." Akamtazama Cherehani kwa huruma ya uongo. "Sasa mwenye jina yuko makaburini. Sijui mtamwongoza vipi."

Uso wa mgeni ukaanguka. Cherehani akainamisha kichwa. Bi Kahawa akaweka birika chini.

"Mwenye jina alikuwa mume wangu," akasema. "Mirathi niliimaliza mahakamani, hati ya usimamizi iko kabatini. Kesho nafunga biashara twende sote. Mimi nimwandikishe Cherehani, Cherehani akuandikishe wewe."

"Bi mkubwa, mambo haya hayataki haraka..."

"Haraka gani? Marehemu alikuwa anaiosha kabla hajanawa uso. Alinunua chombo kitembee, Hakimu, hakununua kigoda. Kila asubuhi nakukuta juu yake, naona kama kafa tena. Inaniuma."

Hakimu akashuka. Aibu ilimshika, na wivu ukamshika zaidi.

Mambo ya ofisini yalichukua muda wake, na muda wote huo mzee alibanwa pembeni mwa benchi, magoti yakigongana na ya Spana. Mabishano yalianza asubuhi yakalala bila hukumu. Hakuna aliyemwuliza neno.

Asubuhi moja wakasikia mngurumo. Samahani huyo, pikipiki inameta, breki mpya, springi mpya. Bi Kahawa akajifunika uso kwa mtandio, akalia na kucheka kwa pamoja. Mgeni akaegesha palepale pa zamani.

"Samahani, mzee. Ulisema niegeshe penye wazee wanaokaa kutwa. Mji mzima sijapata pengine."

Akaagiza kahawa. Hakushuka.

"Karibu," Hakimu akasema, mkono tayari kwenye usukani. "Sasa teremka nikae, kuna kesi zimelundikana."

"Ateremke kwa sheria ipi?" akauliza Bi Kahawa.

"Aliyekalia pikipiki ndiye mwenye neno la mwisho," Cherehani akadakia. "Aseme yeye!"

Wote wakamgeukia mgeni. Akanywa funda, akafikiri.

"Samahani, mzee. Sheria ni yako. Mimi mgeni, siwezi kuivunja." Akajisogeza mbele kidogo. "Lakini nyuma pana nafasi."

Hakimu akalitazama benchi, akaitazama nafasi. Akapanda, magoti yakilia. Alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono kupokea kikombe, Spana akamletea helmeti ya pili.

"Ya nini hii? Tumesimama!"

"Abiria asiye na helmeti anatafuta balaa, hata chombo kikiwa kimesimama. Nani alisema?"

Kijiwe kikasubiri hukumu. Samahani akageuza shingo.

"Samahani, mzee. Vaa."

Hakimu akavaa, akainua kioo cha helmeti, akanywa kahawa yake.