Kalori Zangu Mia Mbili na Arobaini

Jumatatu, 11 Novemba

Kilo themanini na saba! Daktari Mizoguchi, msichana wa juzi tu, kasema hanipasui goti mpaka nifike themanini na tano. Kabla ya mwaka kwisha ana nafasi moja. Na anayeigombea nami ni nani? Tsujimoto! Yuleyule wa Idara ya Barabara, aliyenitesa miaka yote kwa kumaliza fungu la fedha za lami kabla ya mvua. Naye goti, naye kitambi. Tutapimwa sote tarehe 22.

Ngazi za nyumbani kwangu ni kumi na nne. Tangu Aprili nalala sebuleni, kando ya madhabahu ya mababu. Mke wangu Fusae yuko juu.

Binti yetu Chie kaniletea bangili ya mazoezi. Inasema kwa siku nina bajeti ya kalori 1,700. Bajeti! Mimi niliyekaa ofisi ya bajeti ya manispaa miaka thelathini na minne! Tsujimoto kwisha habari yake.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeibiwa.

Jana nilikula kwa adabu. Wali nusu bakuli, samaki, supu. Zikabaki kalori 240. Niliziacha makusudi, nizijumlishe na za leo nikale tambi pale stesheni. Naamka, bangili inasoma 1,700 kavu. Zangu ziko wapi? Nikampigia Chie kazini. Kasema, "Baba, hazilimbikizwi. Kila siku inaanza upya." Nikamuuliza uamuzi huo ulipitishwa na nani. Kasema ana mkutano.

Sawa. Kumbe sheria ni ileile ya ofisini: usipotumia, unanyang'anywa. Leo baada ya chakula cha jioni zilibaki 190. Nimezimaliza kwa andazi la maharage matamu. Salio: sifuri. Kazi safi.

Ijumaa, 15 Novemba

Ugunduzi! Fusae kanipa figili nikune, ya kulia samaki. Nimekaa kitini, goti limetulia, bangili ikahesabu hatua mia sita! Na bajeti ikapanda! Bajeti ya nyongeza, bila kupiga magoti kwa mtu.

Fusae alipokwenda sokoni nikakuna figili kumi na moja. Nikavuna kalori 310. Nikaziweka zote kwenye nyama ya nguruwe ya kukaanga.

Fusae karudi, kasimama mlangoni. "Baba Chie, theluji hii imeanguka lini?" Nikajaribu kumweleza. Hakutaka kuelewa. Kajaza ndoo mbili, kagawia majirani. Mama wa nyumba ya pili kauliza kama tuna msiba.

Jumapili, 17 Novemba

Nimemkuta Tsujimoto kwenye bafu la mtaa, maji yamemfika kidevuni. Kanitazama tumbo, akatabasamu. "Hamanaka, bado unamaliza kila kitu siku ya mwisho?" Kisha akajisifu mbele ya wazee wote kwamba yeye kila siku anaacha kalori mia tatu.

Anaacha! Mtu ambaye hakuwahi kurudisha hata ndoo ya kokoto! Nikamwambia bajeti isiyotumika ni ushahidi wa mipango mibovu. Wazee wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nikatoka kwa hasira na ndara zisizo zangu.

Nimekuna figili saba. Mkono unauma.

Ijumaa, 22 Novemba

Kilo themanini na tisa.

Nimemwonyesha daktari bangili: siku kumi, sijavuka hata kalori moja! Kasema, "Mzee Hamanaka, hicho kifaa kimehesabu mkono." Akaushika mkono wangu wa kulia, akasema kwa kweli una afya nzuri sana. Nafasi kapewa Tsujimoto. Nirudi Februari.

Nilimsubiri Tsujimoto anicheke. Nilikuwa na jibu tayari, nimelinoa tangu Jumapili. Akatoka, akainama kwa heshima, akasema taratibu, "Pole, mwenzangu. Hata mimi nalala sebuleni." Akaenda zake anachechemea. Jibu limeniozea mdomoni! Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Nafika nyumbani, namkuta Fusae anaburuta godoro lake kushuka ngazi, anahema. Nikamkaripia, ataanguka. Kasema, "Februari ni mbali. Sogeza hiyo meza, acha kelele." Nimesogeza. Kidogo nikose pa kuweka macho.

Jumamosi, 23 Novemba

Fusae anakoroma. Nilikuwa nimesahau. Nimeamka na hasira na kichwa chepesi, na vyote viwili vimenisaidia kufikiri.

Kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa kwenye makadirio ya awali! Mwombaji mdogo hupewa fungu dogo, kila karani anajua hilo. Nimefungua bangili, nikaingia pale panapouliza habari za mtu. Umri: nimeandika miaka 24. Urefu: mita moja na tisini na tano. Kazi: mchezaji mpira wa kikapu.

Kalori 3,800! Hiyo sasa ndiyo bajeti ya mtu mzima. Tsujimoto aache mia tatu zake, mimi nitaacha mia nne kila siku na bado nishibe. Februari daktari atanitambua kwa shida.

Fusae anauliza samaki mkunga wa tatu wa kuchoma ni wa nani. Nimemwambia asiingilie utekelezaji.

Sasa ni saa nne asubuhi. Zimebaki 2,600, na siku zenyewe za Novemba ni fupi.