Mwanangu Si "Kabla" ya Mtu

Mabawa, Tanga
Jumanne, 9 Agosti 1994

Kwako Ndugu Mhariri wa gazeti letu la kila Jumatano,

Natanguliza salamu, kisha heshima. Lawama nimeziweka nyuma ili zisikukute hujaketi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimesoma hadi darasa la saba, na gazeti lako nalisoma lote, hata pale chini palipoandikwa anwani ya mpiga chapa. Mwandiko huu ukipinda mahali, ujue mwanangu mdogo wa miezi miwili ameamka mapajani na anaivuta kalamu.

Ndugu Mhariri, nilipokuwa mtoto matangazo hayakuwepo. Tulipanga foleni ya sukari tangu alfajiri bila kuambiwa na mtu kwamba sukari ni tamu. Duka likiwa na sabuni, mwenye duka aliificha, nawe ulimbembeleza mpaka umtaje babu yake. Sasa ruhusa ya biashara imetoka, maduka yamejaa, na sabuni ndiyo inayotubembeleza sisi. Sina ugomvi na hilo. Nilifurahi zaidi mwezi uliopita ulipochapa, ukurasa wa tatu, "Masharti ya Matangazo: Yaliyokatazwa na Yenye Mipaka". Niliyasoma mara mbili. Sharti la pili linakataza kuahidi matokeo yasiyothibitishwa. La nne linakataza picha za mwili wa mtu za kabla na baada. La tano linakataza maneno ya kumfanya msomaji aone haya kwa mwili wake au nyumba yake. La saba linasema sigara, pombe na dawa za waganga vitangazwe kwa kibali na mbali na ukurasa wa watoto. Nikamwambia mume wangu, Masoud, kwamba hapa sasa tumepata watu wa kutulinda.

Kisha nikafunua ukurasa wa nne.

Kulikuwa na tangazo la Unga wa Lishe Kipusa, unaouzwa na Bwana Nadir dukani kwake. Picha mbili za watoto. Ya kushoto ni mtoto mwembamba, chini yake KABLA. Ya kulia ni mtoto mnene, chini yake BAADA YA WIKI SITA. Karatasi yenu ni nyepesi. Ukilinyanyua gazeti kwenye mwanga wa dirisha, sharti la nne linapita juu ya kipaji cha mtoto wa KABLA. Na kipaji hicho, Ndugu Mhariri, nimekizaa mimi.

Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya:

1. Mtoto wa KABLA ni binti yangu Tausi. Alipigwa picha na Mzee Noorali, mpiga picha wetu wa siku zote, Idd el Fitri mwaka huu. Alikuwa na mwaka na nusu, ametoka kuugua surua, na ziwa nilikuwa nimemwachisha kwa ajili ya huyu wa mapajani. Hilo la ziwa naliandika mara moja tu, usinirudishe huko. Gauni nilimnunulia kubwa ili alivae na Idd ijayo. Mtu yeyote akivalishwa gauni la mwakani ataonekana mwembamba, hata wewe.

2. Mtoto wa BAADA naye ni Tausi. Hapo ana miezi sita, ananyonya, hajaonja unga wa mtu. Tazama hirizi mkononi, ni ile ile. Tazama nyuma ya mgongo wake, utaona vidole vinne chini ya kanga. Hivyo ni vidole vyangu, nimemshikilia asianguke, maana alikuwa hajajua kukaa. Sasa fuatana nami taratibu. Mtoto wa KABLA amesimama mwenyewe, anacheka, ana meno kumi. Mtoto wa BAADA hana hata jino moja na hawezi kukaa. Kwa hiyo kwa mujibu wa gazeti lako, mtoto akila Unga wa Kipusa kwa wiki sita, meno hung'oka yote, miguu husahau kutembea, na kuketi kwenyewe humshinda. Ikiwa ni kweli, naomba unga huo uhamishiwe sharti la saba pamoja na pombe, ingawa hata tembo la mnazi huchukua miaka kumfikisha mtu hapo.

3. Chini ya picha mmeandika: "Mama mzazi asema: Alikuwa mgonjwa mgonjwa tu, hata hali." Maneno ni yangu, siyakani. Lakini niliyasemea picha ya BAADA. Siku ile Mzee Noorali alitoa kichwa ndani ya kitambaa chake cheusi, akasema mtoto huyu amenona. Mashaallah hakusema. Na palikuwa na wanawake wawili wanangoja zamu yao, wote macho kwa mwanangu. Ungefanyaje? Nilijibu upesi kama mama yeyote wa pwani hii, kwamba amenona wapi, huyu mgonjwa mgonjwa tu, hata hali. Kijicho kikapita njia yake. Kila aliyekuwepo alielewa kwamba mtoto anakula vizuri na mama yake ana adabu. Maneno ya kinga mmeyafanya ushuhuda.

Nilikwenda kwa Mzee Noorali uso nimeukaza. Nikamwamkia shikamoo, maana hasira haiondoi shikamoo. Mkewe, Bi Batulbai, akaleta chai ya maziwa, akampakata Tausi na kumpa biskuti, basi uso ukalegea kabla sijaanza. Mzee akaeleza kwamba Bwana Nadir alitaka picha ya mtoto mwembamba na ya mnene, naye alidhani nitafurahi mwanangu kutoka gazetini mara mbili kwa siku moja. Nikamuuliza habari ya yale maneno. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu," akasema, "si uliyasema mwenyewe?"

Nikanywa chai. Yeye akanituma kwa Nadir, Nadir akanituma kwenu, na karani wako wa mlangoni akaniambia malalamiko hupokewa kwa maandishi. Ndiyo haya.

4. Mtaa mzima sasa unamwita mwanangu Kabla. Watoto wa bombani wanamwita Kabla, muuza kahawa anamwita Kabla, na huyu mchanga, ambaye ana jina zuri alilopewa siku ya saba kwa dua na ubani, wanamwita Baada. Jirani yangu Praxeda, mwenye moyo safi, huniletea bakuli la uji kila asubuhi na kuliweka mlangoni bila neno, kama mtu anayelisha msiba. Sharti la tano liko wapi? Nimeona haya kwa mwili usio wangu, na nyumba nayo imeona haya peke yake.

5. Hili ndilo lililonitoa usingizini. Mama mkwe wangu, Bi Chiku, anakaa Mwera, wilaya ya Pangani. Huko gazeti lako halifiki kwa kusomwa, hufika limefunga kitu. Ukurasa wa nne ulimfikia umefunga papa mkavu. Akaukung'uta chumvi, akamwona mjukuu wake, akamwita kijana wa shule amsomee. Salamu alizotuma ni fupi: anakuja Jumamosi kumchukua Tausi, amlee Mwera mpaka awe kama wa upande wa kulia.

Nimemtumia ujumbe kwamba wa upande wa kulia ni huyo huyo. Akajibu kwamba yeye hakusoma lakini si mjinga, na gazeti haliwezi kulipa watu kuchapa uongo wakati lina masharti ukurasa wa nyuma yake. Mume wangu naye nilimwomba azungumze na mama yake. Masoud alisema, "Yakhe, mama nitazungumza naye." Alisema hivyo Ijumaa. Bado anajiandaa.

Mhariri, mimi Bi Chiku nampenda. Ndiye aliyenikanda baada ya uzazi wote wawili. Lakini mwanangu haendi. Niliwahi kumtoa ziwani kabla ya wakati wake, simtoi na nyumbani.

6. Kwa kuwa masharti yako ni mazuri na yanakaa bure, nashauri yafanyiwe kazi hata nje ya gazeti, kuanzia kwangu, kama ifuatavyo. Sharti la pili, la kuahidi yasiyothibitishwa, litumike kwa Masoud. Tangu apunguzwe kiwandani ameahidi bati la jikoni, mlango wa choo na kuzungumza na mama yake. Asiruhusiwe kuahidi tena mpaka alete kithibitisho, au angalau misumari. Bi Chiku aingizwe katika vyenye mipaka: asikilizwe kwa kibali, na mbali na watoto, hasa anapolinganisha miguu yao. Mizani ya kliniki nayo ina sharti la tano la kujibu, maana hutamka uzito wa mtoto mbele ya akina mama arobaini. Na Tausi mwenyewe, ingawa ni mwanangu, lazima niseme kweli: ni tangazo la uongo. Hula yai zima, akiingia mgeni huitazama sahani ya mgeni kama aliyefunga siku tatu. Apewe onyo. Onyo nitampa mimi, asije akalia kwa mtu mwingine.

Wakiachwa nje ya masharti haya wawe akina mama peke yao. Sisi turuhusiwe kusema watoto wetu hawali. Ni uongo, lakini ni uongo wa kumfunika mtoto, kama kanga.

Kwa ufupi, naomba kabla ya Jumamosi: tangazo liondolewe, na mahali pake pachapwe, kwa herufi kubwa ambazo hata harufu ya papa haitazifuta, kwamba mtoto wa KABLA na mtoto wa BAADA ni mmoja, kwamba wa BAADA ndiye aliyetangulia, na kwamba mama yake anamlisha. Hayo matatu. La tatu ukilitanguliza sitakasirika.

Nisalimie mafundi wa mitambo na wino wao, karani wa mlangoni aliyenipa kiti alipoona nina mtoto mgongoni, na mkeo nyumbani. Kama mna watoto, najua hawali, Mungu awakuzie.

Ni mimi msomaji wako, mwenye malalamiko lakini asiye na kinyongo,

Asmahani, mama wa Tausi.

Baada ya kutia sahihi, Alhamisi:

Barua ilikaa siku mbili ikingoja stempu, na Bi Chiku hakungoja Jumamosi. Amefika jana adhuhuri na kikapu cha kumbebea mjukuu nguo. Alinikuta namlisha Tausi. Hapa kuna jambo sikukuandikia, kwa sababu liliniharibia hoja. Tangu nilipobandika ukurasa wako ukutani ili nipate kuukasirikia kila siku, Tausi hali uji ila akiwa mbele yake. Humwonyesha kidole yule mnene, husema "mimi", na hufungua mdomo. Kijiko kikiingia, humwonyesha yule mwembamba, husema "mimi", na hufungua tena. Kwa mtindo huo bakuli humalizika, la Praxeda pia.

Bi Chiku alisimama mlangoni na kikapu chake mpaka bakuli likaisha. Kisha akauliza kama Mwera ukurasa huo unapatikana. Nikamwambia kwamba yeye ndiye anayejua, huko hungoja mpaka papa wafungwe nao. Akaketi, akavua viatu. Amesema mtoto hatamtoa kwenye gazeti lake. Atakaa yeye hapa wiki mbili, amsaidie mama yake apate usingizi. Nililala mpaka magharibi. Masoud anasema alijua mama yake ataelewa akizungumza naye.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, tangazo lisiondolewe. Wala msisahihishe lolote, mtoto ameshazoea. Lichapwe tena Jumatano ijayo, na nyingine, mpaka Tausi atimize meno ishirini. Ila mlichape kubwa kidogo na juu kidogo, maana hili la sasa limelowa uji mpaka kwenye sharti la nne.